Karakana ya watoto Dodoma, mwaka wa pili: niliyokosea, na kinu cha upepo kinachonigomea

KIBATARI (mleta uzi)

Wakuu, habari za Jumapili.

Kuna mdau kwenye uzi wa mafundi redio aliniuliza kama ni kweli kila Jumamosi nawafungia watoto bandani wabomoe maredio. Siwafungii, mlango uko wazi. Mengine yote ni kweli. Nilimwahidi uzi, ndio huu. Mrefu kidogo, mwenye chai aisogeze karibu.

Mimi ni fundi redio na simu, banda langu liko Nkuhungu. Mambo yalianza na mwanangu wa pili. Alikuwa darasa la nne, nikamwacha bandani nikaenda Majengo kutafuta vipuri. Narudi, kafungua redio ya mteja, tena redio iliyokuwa imeshapona inamsubiri mwenyewe. Mkono ulishapanda. Nikamwuliza, ulikuwa unatafuta nini humo? Akasema anataka kuona kwa nini ukizungusha volyumu inakwaruza. Sasa hilo swali, miaka yote ya ufundi hakuna mteja aliyewahi kuniuliza. Wao husema tu "fundi, inakwaruza", basi. Mkono ukashuka. Tukaifungua volyumu pamoja, nikamwonyesha ile njia nyeusi ya kaboni na kidole cha bati kinachotembea juu yake, na vumbi la Dodoma lilivyolala katikati. Akafuta. Akazungusha. Ikatulia. Jumamosi iliyofuata akaja na wenzake wanne.

Kukosea nilianzia kwenye bango. Niliandika KILABU CHA WATOTO. Mnaoujua mji huu mmeshacheka. Siku ya tatu mtendaji wa mtaa akaja na mwenyekiti, eti kuna wananchi wanauliza ni pombe gani hiyo inauzwa kwa watoto. Tukalishusha, sasa linasomeka KARAKANA YA WATOTO. Faida yake ni kwamba tangu siku ile uongozi wa mtaa unanijua, na mwenyekiti mwenyewe ana mjukuu humu.

Tunaanza saa tatu asubuhi, saa sita tunafunga. Watoto ni 18, darasa la tatu mpaka la saba. Niliwahi kuwa na 31, nikajikuta askari wa barabarani, kazi ni kupiga filimbi tu. Mchango ni shilingi 1,000 au kitu kibovu kutoka nyumbani, na mimi napenda zaidi hicho kibovu. Pasi, tochi, feni, spika, saa ya ukutani. Kitu kibovu hakina aibu, mtoto hakiogopi, na hata akikimaliza kabisa hajaharibu chochote.

Vifaa havizidi ndoo moja. Bisibisi kumi na mbili, koleo tatu, nyundo ndogo mbili, msumeno wa chuma mmoja, mikasi mitano, mita ya kupimia umeme moja. Nimening'iniza kipande cha plaiwudi ukutani, kila kifaa kimechorewa umbo lake kwa rangi. Saa sita ikifika hakuna kutoka mpaka kila umbo lifunikwe. Mwezi wa kwanza kabla ya kuchora nilipoteza bisibisi tano. Tangu tuchore imepotea moja, nayo niliikuta mfukoni mwangu.

Kanuni inayonitesa ni yangu mwenyewe: nikisogelea meza ya mtoto, mikono naiweka nyuma, kama mwalimu wa zamu anayekagua kucha. Ukiwa fundi ukaona mtu ameshika koleo kinyume, vidole vinawasha. Lakini nikishika bisibisi mimi, redio inapona kwa dakika mbili na mtoto anaondoka na redio tu.

Sasa shida iliyonileta. Mnajua upepo wetu wa mwezi wa saba na wa nane, unaobeba bati na nguo za watu. Watoto wakaamua watengeneze kinu cha upepo kiwashe taa. Mapanga wamekata kwenye ndoo ya plastiki iliyopasuka, mota wametoa kwenye deki ya DVD. Kinazunguka vizuri mno. Taa haiwaki. Nimepima, inatoa kama nusu volti, na taa nyekundu ya LED inataka karibu volti 2. Wiki tatu sasa wananiangalia usoni. Wenye ujuzi wa upepo njooni.

ZABIBU KAVU

Siti ya mbele nimekaa. Hongera mkuu. Ila karne hii watoto wanahitaji roboti na kompyuta, si kufungua pasi. Tafuta wafadhili wakuletee vifaa vya kisasa, mbona wapo?

SIJARIBIWI

Sisi tulitengeneza magari ya waya na matairi ya ndala, hakuna aliyetuandikia bango wala kutuchaji buku. Siku hizi kila kitu mradi. Watoto wafundishwe kusoma kwanza.

KIBATARI

Zabibu, wafadhili walikuja. Sitawataja, walikuwa na nia njema. Walituletea boksi la roboti, zuri kweli, kila kipande kwenye kijaluba chake na kitabu cha picha. Watoto waliifunga kwa saa mbili wakifuata picha ya kwanza mpaka ya mwisho. Ikatembea. Wageni wakapiga makofi, wakapiga picha, wakaondoka. Wiki ya pili gia moja ya plastiki ikavunjika. Hapa mjini haiuzwi, na hakuna mtoto aliyethubutu kuichonga upya kwa sababu ni "ya wafadhili". Iko juu ya kabati imefunikwa kitambaa kama picha ya marehemu. Gari la waya likivunjika, mtoto anakunja waya mwingine palepale.

Sikatai kompyuta. Ikija nitaipokea, ila ije na bisibisi yake.

Sijaribiwi, umesema kweli, na mimi niliendesha hayo magari, usukani mrefu mpaka kifuani. Ila kumbuka tulikuwa na nini. Tulikuwa na jalala la wazi, kaka wa jirani aliyejua kukunja waya, na mchana mzima bila mtu kutuita. Wanangu wana geti, masomo ya ziada na simu ya mama yao. Huyo kaka wa jirani hayupo tena barazani. Mimi nimejifanya kaka wa jirani, na hiyo buku ni ya misumari na gundi.

MAMA PACHA

Kaka Kibatari, nina pacha wa miaka tisa, tunakaa Ipagala. Nimependa lakini moyo unadunda. Vitu vya umeme na watoto kweli? Halafu mabinti wapo? Maana kwa haya mambo nikiuliza naambiwa wawili walikuja wakaacha.

KIBATARI

Dada Mama Pacha, umeuliza pale panapouma. Nianze na damu.

Mwezi wa nne mwaka jana kijana mmoja alijikata kidole na ukingo wa bati. Si jeraha kubwa, lakini damu ya mtoto ni nyingi machoni. Nilimfunga, nikampeleka zahanati, nikampigia mama yake. Alikuja na kanga mabegani na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na alikuwa na haki, kwa sababu nilikuwa sijamwambia kabla kwamba tunakata bati. Tangu hapo mzazi anakuja mwenyewe siku ya kwanza, anaona kila kifaa, anashika msumeno, anasema hiki mwanangu ashike na hiki asishike. Naandika kwenye daftari. Yule kijana aliruhusiwa kurudi baada ya wiki tatu. Bati sasa tunakunja kingo kwanza kabla ya lolote, na ndiye anayewakumbusha wenzake.

Umeme wa ukutani hatuugusi. Kitu chochote chenye waya wa ukutani kikiingia, nakata plagi mimi mwenyewe mlangoni, natupa kwenye ndoo, ndipo kinapita. Tunatumia betri za tochi, volti 1.5 kila moja. Kuna vitu havipiti mlango kabisa. TV ya kichogo na maikrowevu haviingii, maana vinaweza kukaa na umeme mkali ndani hata baada ya kuchomolewa. Betri ya simu iliyovimba nayo hapana. Na zile betri ndogo za duara kama kitufe, za rimoti za gari na vikokotoo, nazitoa mwenyewe na kuzifungia kwenye kopo lenye kifuniko. Mtoto mdogo akiimeza ikakwama kooni inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa mbili. Hizo naziogopa kuliko msumeno. Kuchomelea risasi ni darasa la sita na saba tu, mlango na dirisha wazi, na sabuni ya kunawa mikono iko palepale, kwa sababu ile waya ya kuchomelea mara nyingi ina madini ya risasi kweli.

Mabinti: miezi mitano ya kwanza sikuwa na hata mmoja. Nilidhani hawapendi. Ukweli ni kwamba Jumamosi saa tatu binti anafua, anachota maji, anabeba mdogo wake. Nikasema mdogo aje naye, nikatandika mkeka pembeni na kuweka kopo la vizibo vya soda. Wakaja wanne, sasa wako saba. Wawili wanakuja na watoto mgongoni, na mmoja wa hao wa mgongoni sasa anatambaa na kunidai bisibisi.

MWALIMU CHAKI

Salaam. Nafundisha msingi, wilaya ya Chamwino, darasa langu lina wanafunzi 90 na ushee. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, leo tuna mkondo wa amali sekondari, na somo la stadi za kazi nimelifundisha miaka mingi, tena kwa kuchora jembe ubaoni. Kuchora jembe, ndugu zangu, katika shule yenye majembe stoo. Nisaidieni: kwa watoto 90 na mfuko mtupu naanzia wapi?

KIBATARI

Mwalimu, kwa 90 sikudanganyi, mimi nisingeweza. Labda uchukue 16 siku moja baada ya vipindi, wawili wawili. Usianze na redio. Anza na tochi za Kichina zilizokufa, waombe watoto walete, utapata gunia. Ndani mna taa nyeupe za LED ambazo mara nyingi bado nzima, kilichokufa ni betri au swichi. Wape taa moja, betri mbili, vipande viwili vya waya, halafu nyamaza. Betri mbili ni volti 3, zinatosha taa nyeupe. Nyekundu usiwape hivyohivyo, yenyewe inataka kama 2, ukiipa 3 bila rezista, kile kipuri kidogo cha kupunguza umeme, inaungua mapema. Wataunganisha, haiwaki, watageuza, itawaka. Hapo atatokea mmoja atakayeona kwamba taa mpya ina mguu mrefu na mfupi. Usimwambie wewe kwamba mrefu ni wa chanya. Utatamani sana kumwambia.

MTU WA KONDOA

Mkuu mbona umeme tu? Kwenye mji wa zeze na marimba unafundisha redio peke yake?

KIBATARI

Nilikuwa nalisubiri swali hili. Marimba ndiyo Jumamosi bora kuliko zote nilizowahi kuwa nazo, na sikuipanga.

Jengo la jirani lina mlinzi, mzee wa Kigogo, kwao Mvumi. Anapita kila asubuhi akitoka lindo, anatuamkia "mbukwenyi", watoto wanaitikia, anaenda kulala. Siku moja akasimama. Watoto walikuwa wanagonga misumari ya inchi nne iwe bapa juu ya kipande cha chuma, wala hawakuwa na mpango, walipenda tu inavyolainika. Mzee akachukua mmoja, akaubana ukingoni mwa meza kwa kidole gumba, akauchezesha. *Tiing.* Bandani kimya.

Wakaunda ilimba, ndiyo marimba ya Kigogo inayopigwa kwa vidole gumba. Boksi kutoka kwa seremala, spoki za baiskeli na mbavu za mwavuli na hiyo misumari, vyote vimebanwa juu ya daraja la mbao kwa chuma na waya. Binti mmoja wa darasa la tatu, hasemi sana, alikaa na ufito mmoja karibu saa nzima. Akiusukuma ndani sehemu inayocheza inakuwa fupi, sauti inakuwa nyembamba. Akiuvuta nje, nene. Anasukuma kidogo, anasikiliza, anainamisha sikio mpaka linagusa mbao, anarudisha nyuma upana wa kucha. Nilikuwa nimesimama nyuma yake mikono nyuma, na kwa mara ya kwanza haikuniwasha.

Mzee alirudi jioni, akapiga, akatikisa kichwa. "Inalia, haisemi." Kumbe ilimba ya kweli ina kitundu kilichozibwa kwa utando wa buibui, ule mweupe mgumu anaotagia mayai, ndio unaoipa ule mvumo wa kukwaruza. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyeipeleka ilimba dunia nzima mpaka alipofariki mwaka 2003, ule mvumo wake mnaukumbuka. Sasa fikiria, mimi fundi redio maisha yangu yote nalipwa kuondoa mkwaruzo, na hapa mzee ananiambia bila mkwaruzo chombo hakisemi.

Watoto wakatoka kuwinda buibui. Wakawakosa, wakaziba na karatasi ya mkate. Zamani ungetumia mfuko wa rambo, ila hiyo ilipigwa marufuku Juni 2019, hata tiara za watoto zimebadilika, sasa zinatengenezwa kwa magazeti na vifungashio. Karatasi ya mkate ikavuma. Mzee akacheka mpaka akakaa chini.

SIJARIBIWI

Hapo kwa mzee umenishika. Mjomba wangu alikuwa na ilimba, ikaliwa na mchwa. Nina spoki za pikipiki hapa, nzito kidogo. Nilete wapi?

BATI LA SINGIDA

Mkuu Kibatari, nirudi kwenye kinu. Sisi huku Singida upepo tunaujua kama ndugu, hata mbaya.

Mota ya DVD ni ya mbio. Inataka kuzungushwa maelfu ya mizunguko kwa dakika ndipo itoe umeme wa maana, na mapanga ya ndoo hayafiki huko. Una njia mbili. Ya kwanza, weka gurudumu kubwa kwenye mapanga, kifuniko cha ndoo kinatosha, na mpira unaokizungusha kijiti kidogo cha mota. Kubwa likizunguka mara moja, dogo linazunguka mara kumi au zaidi. Tatizo, mpira unateleza na upepo mdogo hauanzishi.

Njia ya pili ndiyo ninayoipenda. Tafuta printa mbovu, ile inayosukuma karatasi. Ndani kuna mota inayokwenda kwa hatua, ukiizungusha kwa vidole unahisi inagotagota. Hiyo hata kwa mwendo wa pole inatoa volti za kutosha. Kama ina nyaya nne, ni jozi mbili. Taa ya LED unganisha kwenye jozi moja, zungusha kwa mkono uone. Dodoma yote ilivyojaa maofisi, printa mbovu huwezi kukosa.

KIBATARI

Mkuu, ubarikiwe. Za ofisi za serikali zina utaratibu wake wa kuondolewa, hizo siombi. Kuna steshenari Makole jamaa ananidai fundisho la simu, nitamwona kesho.

MAMA PACHA

Jumamosi nimewaleta. Mmoja amerudi na saa ya ukutani inayorudi nyuma. Anasema aligeuza kitu ndani. Baba yao anataka airekebishe, yeye amekataa.

KIBATARI (mrejesho)

Wakuu, samahani kwa ukimya, wiki mbili.

Jamaa wa steshenari ametoa printa tatu kwa mpigo, anashukuru nimempunguzia vumbi. Ya kwanza watoto waliifungua kwa saa moja na nusu, skrubu 34, wamezihesabu wenyewe na kuzipanga kwenye trei ya mayai ili wajue ipi ilitoka wapi. Mota wakaikuta, nyaya nne. Yule kijana wa kidole akaizungusha kwa mkono, taa nyekundu ikawaka bandani. Sikusema chochote. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Juu ya bati ni hadithi nyingine. Mota ya printa ni nzito kuanza, mapanga ya ndoo yalikuwa madogo, yakasimama tu yanaangalia upepo. Wakakata mapya kwenye bomba la plastiki la inchi nne, marefu kama mkono. Jumamosi ya pili, mnamo saa tano, upepo ulipokuja kutoka upande wa Mlimwa, kikaondoka. Taa ikawaka mchana kweupe, haionekani vizuri, wakaifunika kwa kopo na kuchungulia kwa zamu, foleni mpaka barabarani, na mama muuza maandazi naye kwenye foleni.

Inapepesa lakini. Binti wa ilimba ndiye aliyeona, akaniuliza kwa nini haitulii kama ya tochi. Nikamwambia asikilize mota akiizungusha polepole. Akaweka sikio, akasema, "inagonga, na taa inagonga hivyohivyo." Nimeishia hapo na yeye, mengine Jumamosi.

Sijaribiwi alikuja mwenyewe na spoki zake. Mtu mpole kumbe. Yuko na watoto wawili kwenye kona ya ilimba na hataki mtu mzima mwingine asogee.

Sasa Bati, printa ya pili mota yake ina nyaya sita. Nilikuwa nakuja kukuuliza naunganisha zipi, nimeandika mpaka hapa mwanangu akasoma begani kwangu. Anasema usijibu. Wana mita, wanataka kupima wenyewe kwanza. Naomba unyamaze mpaka Jumamosi saa sita.

BATI LA SINGIDA

Nimenyamaza. Lakini mkuu, vidole vinaniwasha.